Betri Haifi Ghafla, Huaga Kwanza

Kama wiki yako imeanza vizuri mshukuru Mungu, na kama imeanza kwa kusukuma gari huku majirani wanakuchungulia dirishani, pole sana ndugu yangu. Leo ni zamu yako, kaa mkao wa kula.

Hebu pita mtaa wowote wa jiji hili la Dar saa kumi na mbili asubuhi, iwe Sinza, Tabata au Mbagala. Hukosi kumkuta mtu kachomekea, kapendeza, anazungusha ufunguo, gari linamjibu "tek, tek, tek" halafu kimya. Taa za dashibodi zinafifia kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Fundi anaitwa, na kabla hata hajashusha mkoba wake ameshatoa hukumu: "Bosi, betri imekufa hii. Nunua mpya." Bosi anatoa laki na kitu, anafungiwa betri mpya, mambo yanakuwa swafi. Baada ya wiki mbili, tek, tek, tek!

Kwa mwenye mshahara mnono hiyo ni kero tu. Lakini kwa kijana anayeendesha gari la mtu, anayetakiwa kupeleka hesabu kila jioni, gari liwake lisiwake, hilo ni balaa. Asubuhi moja ya kuhangaika na betri ni abiria watano au sita wamempita, na tajiri wake hataki kusikia habari za tek tek. Laki ya betri ni kodi ya chumba, ni ada ya mtoto. Ndiyo maana nasema jambo hili si la mafundi peke yao.

Mimi si injinia, msije mkanitafuta na michoro. Niliishia kidato cha nne, ila fizikia nilikuwa naipenda, na gereji nimezikalia sana. Nilichojifunza ni hiki: betri nyingi hazifi kwa uzee, zinauawa. Na kabla ya kufa zinaaga. Sisi ndio hatusikii.

INAKAA MIAKA MINGAPI?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kila nikifika kijiweni. Jibu lake linategemea unaishi wapi na unaliendeshaje gari lako. Kwenye nchi za baridi betri ya kawaida hufika miaka minne, mitano, na nyingine huzidi. Kwenye joto letu la pwani, ukipata miaka miwili mpaka mitatu hujaibiwa. Ukiitunza, ikafika minne, si ajabu.

Kwa nini joto? Ndani ya lile boksi kuna vyumba sita, mafundi wanaviita seli. Kila seli ina sahani za risasi zilizozama kwenye maji yenye tindikali, na inatoa volti mbili na ushee. Zikiungana sita unapata volti 12.6 betri ikiwa imeshiba. Ufundi wenyewe si wa jana. Mfaransa Gaston Planté aliubuni mwaka 1859, magari ya petroli yakiwa bado hayajazaliwa. Umeme unaopata hapo unatokana na kemia, na kemia inapenda joto. Watu wa fani hiyo wanasema joto likipanda kwa nyuzi 10 za Sentigredi, shughuli za humo ndani zinakwenda kasi karibu mara mbili. Maana yake sahani zinalika mapema na maji yanakauka haraka. Sasa fikiria mwezi wa Februari, uko kwenye foleni, jua la utosi, injini inachemka, na betri imebanwa chini ya boneti pamoja nayo. Inapikwa hiyo!

Ndugu zangu wa Njombe na Makete watasema mbona magari yao yanagoma wakati wa baridi? Ni kweli, lakini baridi ya Juni na Julai haiui betri, inaiumbua tu. Oili inakuwa nzito, stata inataka nguvu zaidi, na betri yenyewe nguvu zinapungua kwa ubaridi. Kama ilikuwa imeshachoka, siri inafichuka. Joto linaua, baridi inatangaza msiba.

WAUAJI WENGINE

Ukiacha joto, muuaji wa pili ni kuinyonya betri mpaka mwisho. Tufanye hesabu ya darasa la saba. Betri ya gari dogo ina kama amp-saa 35, yaani inaweza kutoa amp moja kwa saa 35. Taa kubwa mbili za mbele za wati 55 kila moja zinakula zaidi ya amp tisa. Ukizisahau zinawaka, saa nne hazifiki betri iko tupu. Hapo ndipo kasheshe linapoanza, maana betri ya gari haikuumbwa kwa kazi hiyo. Imeumbwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kuzungusha stata, halafu irudishiwe chake. Ikikauka, sahani zinaota utando mweupe. Ukiichaji mapema utando unayeyuka. Ukiiacha siku kadhaa, utando unaganda, na sehemu iliyofunikwa haifanyi kazi tena. Kila ukiikausha, unaikata umri.

Wale wa kupaki ufukweni, injini imezimwa, sabufa inadunda mpaka mchanga unacheza, nadhani ujumbe umefika.

Muuaji wa tatu ni safari za karibu. Kuwasha gari dogo kunavuta amp mia na zaidi kwa muda mfupi. Alteneta ndiyo inayorudisha, lakini inahitaji muda. Ukitoka nyumbani mpaka dukani kwa Mangi, dakika tatu, ukazima, halafu ukawasha tena kurudi, unakopa bila kulipa. Usiku ukiwa na taa, kiyoyozi na waipa kwenye foleni, injini inanguruma taratibu, alteneta inatoa kidogo na wewe unatumia kingi. Dawa yake ni rahisi: angalau mara moja kwa wiki lipe gari safari ya nusu saa na zaidi bila kulizima.

Wa nne ni kulilaza gari. Hata likiwa limezimwa, alamu, saa, redio na kile kifaa cha kulifuatilia gari vinaendelea kulamba kidogo kidogo. Tuseme vyote kwa pamoja vinakula sehemu ya ishirini ya amp. Unaona si kitu? Kwa siku ni amp-saa 1.2, kwa mwezi ni 36. Umekwenda kijijini kula Krismasi, umekaa mwezi, unarudi unakuta gari limekuwa sanamu. Hakuna cha mchawi wala nini. Kabla ya kusafiri chomoa waya wa hasi, ule mweusi, au mwachie mtu unayemwamini awe analiendesha kila wiki. Ukichomoa ujue saa na stesheni za redio zitapotea, na redio nyingine zinadai namba ya siri, kwa hiyo iwe nayo kabla.

DALILI YA MVUA NI MAWINGU

Sasa tusikilize kwaheri za betri. Ya kwanza ni stata kuzunguka kivivu asubuhi, kama mtu aliyeamshwa kwa lazima. Ya pili ni taa za ndani kufifia sana ukiwasha gari. Ya tatu ni boksi lenyewe kuvimba ubavuni, au kunuka kama yai viza. Ukiona hiyo ya tatu usiichaji, usiibusti, iondoe. Ya nne ni ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, pale zinapofungwa nyaya.

Hapo kwenye unga nitulie kidogo, maana ndipo hela nyingi zinapopotea. Unga ule ukiingia kati ya kichwa na waya, umeme haupiti vizuri. Gari linasema tek tek, fundi anasema betri imekufa, kumbe betri nzima kabisa, njia ndiyo imeziba. Safisha kwanza! Chomoa waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Koroga kijiko cha bakingi soda ya jikoni kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, mwagia pale penye unga, paache pafoke, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha. Angalia tu vifuniko vimefungwa, mchanganyiko huo usiingie ndani ya betri. Wakati wa kurudisha anza na chanya, malizia na hasi, kaza mpaka zisitikisike kwa mkono, halafu paka grisi kidogo juu. Kwa nini hasi itangulie kutoka? Kwa sababu bodi yote ya gari imeungwa na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona fataki.

Na ile taa nyekundu yenye picha ya betri kwenye dashibodi? Wengi wanadhani inasema betri mbovu. Ikiwaka wakati injini inanguruma, inasema betri haichajiwi. Huenda feni belti imekatika au inateleza, huenda alteneta imechoka. Ukinunua betri mpya hapo, unaipeleka machinjioni na yenyewe. Wale waliorudia tek tek baada ya wiki mbili, wengi wao kisa chao ni hiki.

PIMA KABLA HUJATOA PESA

Kuna kimita kidogo cha umeme, cha kidijitali, kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Bei yake ukiilinganisha na ya betri ni senti. Vijana watatu wa kijiwe kimoja mkichanga mnakimiliki. Vipimo ni vitatu tu.

Cha kwanza, asubuhi kabla hujawasha. Volti 12.6 imeshiba. 12.4 ina kama robo tatu. 12.2 iko nusu. 12.0 ina njaa kali. Cha pili, mtu awashe gari huku wewe unaangalia mita: isishuke chini ya 9.6 hivi. Kama ilikuwa 12.6 halafu inaporomoka mpaka nane, betri yenyewe imechoka. Cha tatu, injini ikiwa inanguruma: magari mengi yanatakiwa yasome kati ya 13.5 na 14.7. Ikisoma 12 na inazidi kushuka, mtafute fundi umeme aangalie alteneta na belti. Ikipanda zaidi ya 15, betri inachemshwa, na itakauka maji upesi.

Dada yangu, kaka yangu, ukiwa na namba hizo tatu kwenye karatasi, hakuna fundi atakayekuimbisha. Na fundi mwaminifu, ambao ni wengi, atafurahi umemrahisishia kazi.

MAJI NI MAJI, TINDIKALI NI TINDIKALI

Kama betri yako ina vifuniko sita juu, fungua mara moja kwa mwezi, joto likizidi iwe kila wiki mbili. Maji yanatakiwa yafunike sahani, yafike kwenye alama. Yakipungua ongeza maji safi ya betri, yale yasiyo na chumvi. Si ya bomba, si ya kisima, si ya chupa ya kunywa. Yote hayo yana madini yanayoharibu sahani. Na usiongeze tindikali! Kinachopotea kwa joto ni maji, tindikali imebaki humo humo. Ukiongeza nyingine unazila sahani. Usijaze mpaka pomoni pia, ikichaji itafurika.

Ukifanya kazi hiyo, zima sigara. Betri inapochaji inatoa gesi ya hidrojeni, na cheche moja inatosha kulipasua boksi usoni kwako. Tindikali ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika 15 na zaidi, kisha hospitali. Usisubiri kesho.

MANENO YA KIJIWENI

"Usiiweke betri kwenye sementi, itanyonywa." Zamani maboksi hayakuwa ya plastiki hii ya leo, huenda maneno yalikuwa na mantiki. Leo sementi haina kosa. Betri iliyokaa miezi bila kuchajiwa inashuka hata ukiilaza kwenye godoro.

"Chomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma, tuone kama alteneta nzima." Mkatae huyo kwa mikono miwili! Kwenye magari ya zamani ilipita. Kwenye gari la leo umeme unaruka juu ghafla na unaweza kukuunguzia kompyuta ya gari, ambayo bei yake utaiota usiku. Tumia mita.

"Sukuma litawaka." Gari la gia za kawaida, sawa. La otomatiki utasukuma mpaka Chalinze.

Kwa hiyo jifunze kubusti. Magari yote mawili yazimwe, yasigusane. Waya mwekundu, ncha moja kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyingine kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi, ncha moja kwenye hasi ya betri nzima, nyingine usiiweke kwenye betri iliyokufa, ing'ate kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri, ili cheche isikutane na ile gesi. Washa gari zima, subiri dakika chache, kisha washa mgonjwa. Ukitoa nyaya, anza na ile uliyoifunga mwisho.

Likiwaka usidhani umemaliza. Alteneta si chaja ya kumfufua marehemu. Betri iliyokauka inataka kuchajiwa polepole, yaani amp tatu na nusu kwa ile ya amp-saa 35, kama saa kumi na zaidi. Anayekuambia "niachie saa moja tu" anaichoma kwa umeme mkali.

UKIFIKA DUKANI

Ikibidi kununua, iwe Kariakoo au dukani kwa jirani, usiangalie rangi ya stika. Kwanza angalia saizi ya ile iliyomo. Zile namba zina maana: kwenye 46B24L, kwa mfano, 24 ni urefu wa boksi kwa sentimita, na herufi ya mwisho, L au R, inaonyesha mpangilio wa vichwa. Ukichukua R badala ya L unaweza kukuta nyaya hazifiki, au mtu akazilazimisha kinyume, na hapo ndipo moshi unapofuka. Pili, uliza imetengenezwa lini. Betri inayokaa rafu mwaka mzima bila kuchajiwa inazeeka hapo hapo. Tatu, toa mita yako. Ikisoma 12.6 hivi, lipa. Chini ya 12.4 aichaji kwanza. Chini ya 12.2, mshukuru, ondoka. Nne, dai risiti na karatasi ya dhamana yenye tarehe. Na kama gari lako linajizima lenyewe kwenye taa za barabarani, linataka betri yake maalumu, ya kawaida haitachukua muda.

Betri ya zamani je? Usiitupe jalalani, na usimwage tindikali yake kwenye mtaro. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto inaharibu ubongo. Waulizeni wenzetu wa Owino Uhuru kule Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilikuwa jirani kabisa na nyumba zao, risasi ikaingia kwenye hewa na udongo. Phyllis Omido, mama aliyewahi kufanya kazi hapo, mtoto wake akakutwa na sumu hiyo mwilini. Akasimama kupambana, kiwanda kikafungwa mwaka 2014, naye mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, rufaa ikaupangua uamuzi huo mwaka 2023, mpaka Mahakama ya Juu ilipourejesha Desemba 2024. Miaka yote hiyo, kwa sababu ya betri zilizokuwa zinawasha magari ya watu wengine. Kwa hiyo yako mrudishie muuzaji, wengi wanapunguza bei ya mpya, na uulize anaipeleka wapi.

Nafasi imekwisha, mhariri ananikodolea macho. Kazi ya nyumbani ni ndogo: kesho asubuhi kabla hujawasha, fungua boneti. Tikisa nyaya, angalia unga, angalia maji. Dakika tano tu, halafu nenda kazini kwako ukiwa umechomekea, bila jasho. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.